Aliyesema Miaka Mitatu

Omega alikuwa na tabia moja: ukimuuliza swali gumu, anageukia printa. Violeth aliiona tabia hiyo kwenye swali la pili. Alipofika la tano aliinuka, akachomoa waya wa printa ukutani, akarudi kukaa kwenye kistuli cha wateja.

"Sasa tuongee," akasema.

"Afande, nina wateja."

"Wako wapi? Na mimi si afande tena. Ningekuwa bado afande, haya mazungumzo tungeyafanyia kituoni na wewe ungekuwa umevua viatu."

Kweli mteja hakuwepo. Nje, upande wa stendi ya Ifakara, bajaji zilikuwa zinagombania abiria wa Jumamosi, na mtu alikuwa anapita na baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mpunga huku anatukana kila aliyekaa njiani. Juu ya mlango wa Omega palikuwa na bango: fotokopi, picha za pasipoti, maombi ya vyuo, na chini kabisa, kwa rangi nyekundu, VIZA NCHI ZOTE. Nchi zote! Kijana mwenyewe mbali kabisa alikowahi kufika ni Dar, tena kwa msiba.

Kazi iliyomleta Violeth hapo alipewa na Mama Digna wa kijiji cha Mbingu. Ilikuwa ni kumtafuta mtu aliyetia mchanga kitumbua cha binti yake. Digna ni mke wa Kassian. Kassian yuko ng'ambo, anatunza wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na nchi yenyewe tusiitaje maana ubalozi wake una masikio, kama utakavyoona. Digna aliomba viza amfuate mumewe. Akaitwa Dar kuhojiwa, akaulizwa maswali laini laini, kisha afisa akafunga kompyuta, akamtazama usoni na kumwambia kwa Kiswahili safi: wewe si mchumba wa mtu, dada, wewe ni mke, na una miaka mitatu ya ndoa. Viza ikakataliwa palepale. Amepewa mpaka Jumatatu kujitetea.

Nani aliwaambia? Hilo ndilo Mama Digna alilotaka kujua. Akipatikana mtu huyo, alisema, atakwenda kupigiwa magoti, au atatiwa aibu mbele ya watu, mpaka ayafute maneno yake.

"Nieleze tena hizo njia mbili," Violeth alisema. "Polepole, kama unamweleza bibi yako."

Omega akajikuna shingo. "Kuna njia ya mke. Kassian anamwombea Digna kama mke wake wa ndoa, na cheti cha ndoa wanacho. Ila foleni yake, dada yangu, ni ndefu. Watu wanasubiri mpaka wanazoea kulala peke yao. Halafu kuna njia ya mchumba. Hiyo fupi. Unakwenda, mnafungia ndoa huko huko. Lakini lazima wote wawili muwe hamjaoa wala kuolewa."

"Na hawa walikuwa wameshaoana."

"Kwenye kikanisa cha kigangoni, Mbingu huko! Nani wa ng'ambo anajua kigango cha Mbingu?"

"Kwa hiyo ukamwapisha kuwa hajaolewa."

"Nilimshauri njia fupi." Akageukia printa. Printa ilikuwa imekufa, ikabidi amtazame Violeth. "Walikuwa wanalia, afande, mume kwenye simu. Mwanamke anakaa hapo ulipokaa, analia, ananiuliza ipi ya haraka. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia kwamba aliyekamatwa na uongo anafungiwa njia zote mbili."

Omega akainama kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Alikuwa kijana wa watu, si mwizi, na hilo ndilo lililomkera Violeth zaidi. Mwizi unajua pa kumshika.

"Nani mwingine alijua kwamba wameomba kama wachumba?"

"Mimi, wao, na mama yake. Lakini si mimi niliyesema, naapa. Tena nikuonyeshe kwa nini. Afisa alisema miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Cheti chao nilikiskani mimi mwenyewe kwa mikono hii. Wamefunga ndoa mwaka juzi. Ningetaka kuwachoma, ningesema miwili. Miaka mitatu ningeitoa wapi?"

Hoja ilikuwa nzuri, na iliuma kuipata kwa mtu kama huyo. Aliyewasema hakuwahi kukiona cheti, au alikuwa na hesabu yake. Violeth akachomeka waya wa printa mahali pake.

"Lile neno la nchi zote kalifute," akasema, akatoka kuifuata pikipiki yake.

*

Mbingu nzima ilikuwa na mtuhumiwa mmoja tu, Nickolaus. Nickolaus aliwahi kumposa Digna akakataliwa, na siku hiyo, mbele ya watu, alisema yeyote atakayemwoa yule mwanamke hatafaidi. Maneno hayo watu waliyatunza vizuri, na Violeth aliyasikia kwa watu wanne tofauti kabla hajashuka kwenye pikipiki. Njiani alikuwa amesimamishwa na kundi la ng'ombe wa Wasukuma lililovuka bila haraka, akapata muda wa kutosha wa kumhukumu Nickolaus kichwani. Alifika akiwa na hamu ya kumkamata mtu.

Alimkuta kwenye mashine ya kukobolea mpunga, pumba zimejaa mpaka kwenye nyusi. Mashine ilikuwa inanguruma, ikabidi wasogee nje.

"Najua kilichokuleta," Nickolaus alisema kabla ya salamu. "Wameshaniambia njiani kwamba unakuja kunifunga. Shikamoo."

"Marahaba. Nani alipiga simu ubalozini?"

"Ubalozi! Mimi hata simu ya mwenyekiti wa kitongoji sina."

"Ulisema hatafaidi."

"Nilisema. Nilikuwa na hasira, na kinywani mlikuwa na pombe. Dada, mwanamke akikukataa mbele ya shangazi zako utasema nini, asante?"

"Harusi ulihudhuria?"

"Niliyebeba maspika ni nani? Mwaka juzi, baada ya mavuno, hapo hapo kigangoni. Niulize wimbo gani ulipigwa walipoingia, nitakwambia."

"Una uhakika ni mwaka juzi?"

Kabla hajajibu, mwanamke aliyekuwa anapepeta mchele karibu na mlango alidakia bila kuacha ungo. "Ana uhakika! Mimi alinipata hapo hapo harusini. Alikuwa amekaa kwenye spika moja amenuna kama mtoto, nikamwambia ondoka nami nikae. Mwaka juzi hiyo." Jina lake Sikitu, na ujauzito wake ulionekana hata chini ya kitenge. "Muulize vizuri, dada. Angekuwa bado na kinyongo na Digna, angekuwa anakula kwangu?"

Nickolaus akacheka, akajipangusa pumba. "Umesikia mwenyewe. Mimi namshukuru Digna kwa kunikataa. Tena kigangoni tunawaombea kila Jumapili, na mimi naitikia kwa sauti kuliko wote. Muulize katekista."

Violeth akaaga. Hasira aliyokuja nayo haikuwa na pa kwenda, na Nickolaus hakufaa hata kwa kutukanwa. Harusi yenyewe ndiyo iliyompa mke.

*

Kwa Mama Digna turubai lilikuwa limetandazwa uani, mpunga unakauka, na Digna mwenyewe alikuwa anaugeuza kwa miguu, anatembea taratibu huku simu ameishika mbele ya uso. Kwenye simu alikuwemo Kassian, amevaa sare ya kazi ya bluu, amesimama kwenye korido ndefu nyeupe. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza karibu na wagonjwa.

"Shikamoo dada Violeth. Umempata?"

"Marahaba. Bado. Niliowahoji wote si wao."

"Basi tumekwisha," Kassian alisema.

"Usiseme hivyo," Digna akasema.

"Nisemeje sasa? Kuja siwezi. Nikitoka kabla mkataba haujaisha, mlango unafungwa nyuma yangu na kazi imekwenda. Wewe kuja huwezi. Tumekaa pamoja mwezi mmoja, Digna. Mwezi mmoja baada ya harusi, halafu simu. Hapa kuna bibi mmoja namlisha uji kila asubuhi, ananiuliza mke wako yuko wapi, namwambia anakuja. Ananiuliza tena kesho yake maana anasahau. Namwambia anakuja." Akafuta uso kwa kiganja. "Isingekuwa ile ibada ya Jumapili ningeshachanganyikiwa. Naitazama yote kwenye simu, wimbo wa kuingia mpaka wa kutoka, halafu naisambaza kwenye ukurasa wangu na wenzangu wa huku waione. Ndiyo inayonishika."

Kengele ikalia nyuma yake, akasema anaitwa, simu ikakatika. Digna alibaki ameitazama, nyayo zake zimezama kwenye mpunga.

"Dada, mimi nisaidie kitu kimoja tu," alimwambia Violeth. "Jumatatu niende na lipi? Nikishikilia kwamba mimi ni mchumba, nadanganya mara ya pili, na nitapona tu kama huyo aliyenisema ataonekana mwongo. Nikisema ndiyo, ni mke, basi nimekiri kwamba kile kiapo kilikuwa uongo, niombe wanisamehe. Wasiponisamehe nabaki hapa mpaka nizeeke. Kati ya hizo, ipi ina mlango?"

Miaka yake yote ya upelelezi Violeth aliwahi kuulizwa maswali mengi, na mengi aliyajibu hata pale alipokuwa hajui. Alisema tu, "Nikimpata huyo mtu, tutajua."

Mama Digna alitokea jikoni na chai. Alikuwa mama mwembamba mwenye mwendo wa haraka, jina lake Evelina, lakini hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa katekista. Violeth akamwamkia, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Huyu mkwe wangu," mama alisema, akiangalia ile simu kana kwamba Kassian bado yumo, "ni mwanangu wa kumzaa. Miaka mitatu hii tangu amchukue mwenzake, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja."

Chai ilimuunguza Violeth ulimi. Akaiweka chini.

"Miaka mingapi, mama?"

"Mitatu."

"Harusi si ilikuwa mwaka juzi?"

"Harusi!" Mama akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Harusi ni ngoma na pilau, na kumshukuru Mungu kanisani. Mtoto huolewa siku wanapoleta mahari, jembe na mkaja wa mama. Wao walileta mwaka mmoja kabla. Mimi nilikwisha kumtoa binti yangu siku ile, nikalia nikamaliza. Sisi wazee wote tunahesabu hivyo."

Digna alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Violeth hakucheka. Kwa hiyo hesabu ya miaka mitatu ilikuwapo, na ilikuwa hesabu ya wazee. Aliyewasema alikuwa mtu aliyekuwepo siku ya jembe.

"Mama, nani alikuwepo siku ile ya mahari?"

"Ndugu zangu wawili, wote wameshafariki. Na Maximilian, katekista. Basi."

"Na wewe mwenyewe, kuna mtu aliwahi kukupigia simu akakuuliza habari za ndoa ya Digna? Mtu wa Dar? Sauti usiyoijua?"

"Hapana."

"Kuna mtu umewahi kumweleza? Jirani, mgeni, yeyote?"

Mama alijivuta kidogo, ameudhika. "Mwanangu, mimi si mmbea. Shida za binti yangu namwambia Mungu tu."

Violeth akaomba radhi. Alibaki na jina moja, Maximilian, na katekista hapatikani kirahisi siku ya Jumamosi, yuko vitongojini anafundisha watoto wa komunyo. Digna alimwambia kesho asubuhi atamkuta kigangoni, hawezi kumkosa.

*

Padri hufika kigango kile mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine ibada huongozwa na Maximilian, mzee mwenye koti la kijivu ambalo hulivaa hata jua likiwa kali kiasi gani. Violeth alilala kwa binamu yake palepale Mbingu, lakini pikipiki iligoma asubuhi, na alipofika kwa miguu mahubiri yalikuwa yamekwisha. Akaingia kimya, akakaa benchi la nyuma kabisa, kwenye upande wa wanawake.

Alianza kazi yake kwa macho. Maximilian yuko mbele, na kipaza sauti. Mama Digna benchi la pili, kilemba cheupe. Digna pembeni yake. Nickolaus na Sikitu katikati. Na mbele ya kwaya, kwenye chuma chenye miguu mitatu, palikuwa na simu iliyosimamishwa wima, imeelekezwa madhabahuni, taa yake ndogo inawaka.

"Ile simu ya nini?" alimnong'oneza mama aliyekaa jirani.

"Vijana wanarusha ibada, waone na walio mbali. Mama Digna ndiye aliyeomba, kwa ajili ya mkwe wake. Inakwenda moja kwa moja, hivi hivi tunavyokaa."

Violeth aliitazama simu ile.

"Tulete maombi yetu," Maximilian alisema. "Mwenye nia na asimame."

Mama Digna alikuwa ameshasimama. Kipaza sauti kilipitishwa mpaka kwake, naye akakishika kwa mazoea, kwa mikono miwili.

"Ee Mungu Mwenyezi, ninakuletea wanangu, Digna binti yangu na Kassian mume wake. Wamo ndani ya ndoa takatifu mwaka wa tatu sasa, na bahari imewatenga."

Violeth alisimama. Hakujua anataka kufanya nini, labda kupiga kelele, labda kuiangusha ile simu. Kati yake na simu palikuwa na mabenchi yote ya kanisa na watu waliofumba macho.

"Wale wa ubalozi uwalainishe mioyo, Baba. Waliambiwa binti yangu ni mchumba ili mambo yaende haraka, nawe unajua hatukuwa na ubaya. Na huyo adui aliyekwenda kuwaambia kwamba ameolewa, umfunue. Na Violeth, mpelelezi tuliyemwita kumtafuta, umpe macho. Ee Bwana!"

"Twakuomba utusikie," kanisa zima likaitikia, na sauti ya Nickolaus ilizidi zote kama alivyosema.

Digna alikuwa ameinua kichwa. Hakuitikia. Alikuwa anaitazama simu.

Maximilian alimwona Violeth amesimama, akatabasamu. "Na dada yetu mgeni naye ana nia. Mpeni kipaza sauti."

Kikaja mkono kwa mkono mpaka nyuma. Violeth alikishika. Watu wote waligeuka kumtazama, na simu mtu akaigeuza nayo imtazame. Akafungua mdomo. Neno lolote ambalo angesema lingekwenda lilikokwenda ombi la Mama Digna.

"Amina," akasema.

"Amina," wakamjibu.

*

Nyuma ya kanisa, wimbo wa kutoka ukiwa bado unaimbwa, Violeth alifungua ukurasa wa Kassian kwenye simu yake. Ibada ya leo ilikuwa imeshasambazwa, na juu yake Kassian ameandika: Amina mama. Akashuka chini. Jumapili iliyopita. Ile ya kabla yake. Ile iliyotangulia siku Digna alipohojiwa. Akaifungua hiyo, akaisogeza mbele mpaka kwenye kilemba cheupe, na sauti ya Mama Digna ikatoka nyembamba lakini safi: wamo ndani ya ndoa takatifu mwaka wa tatu sasa. Ukurasa ni wa Kassian, una jina lake kamili na picha yake. Afisa hakuhitaji mtu wa kumpigia simu, alihitaji kuufungua tu.

Tangu jana Violeth alikuwa na hamu ya mtu wa kumshika shati. Sasa alikuwa na mama aliyeomba kwa sauti, mkwe aliyemshukuru, na kanisa lililoitikia. Akaegemea ukuta.

Digna alimkuta hapo. Alichukua simu mkononi mwa Violeth, akaitazama ile video mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akaitazama tena.

"Ni mama," akasema.

"Ni mama. Na Kassian ndiye aliyeipeleka."

"Usimwambie."

"Ataniuliza, Digna."

"Dada, atakufa. Kila Jumapili anaamka mapema kupiga pasi kile kilemba kwa ajili ya ombi hilo. Usimwambie, nakuomba." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Na Kassian naye usimwambie. Atabaki na nini kule?"

"Na Jumatatu?"

"Mchumba amekufa leo humo ndani, umemsikia mama mwenyewe. Nitakwenda kusema mimi ni mke."

"Wanaweza kukufungia."

"Wanaweza."

Violeth akapokea simu yake. Alikuwa amefumbua alichoitiwa kufumbua, na hakikumsaidia mtu yeyote.

Wakasikia miguu ya haraka kwenye changarawe. Digna akajifuta uso kwa pindo la kitenge. Mama Digna alitokea pembeni ya ukuta, kilemba kimenyooka, uso umechangamka kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Mwanangu, nimekuombea umesikia? Leo nimekuombea kwa jina lako."

"Nimesikia, mama. Asante."

"Enhe. Umeshampata?"

Violeth alimtazama Digna, na Digna alikuwa anatazama chini.

"Bado, mama."

Mama Digna akamshika mkono, akautingisha kidogo, kwa upole.

"Usikate tamaa. Jumapili ijayo tutaomba tena."